Jinsi ya kufanya safari ya mtindo wa Top Gear na washkaji, gari za bei chee, Iringa mpaka Matema

Wapenda magari wengi wa huku kwetu washaangalia Top Gear, hata kama ni vipande vipande kwenye simu, kile kipindi cha BBC ambacho Waingereza watatu wananunua magari makuukuu halafu wanatumwa kwenye nchi yenye barabara mbaya wakahangaike. Na kila kundi likimaliza kuangalia lazima atokee mmoja aseme na sisi tufanye bwana. Inaishia hapo. Au inafanyika lakini inakuwa msafara wa kawaida, mnawasha gari Iringa mnazima Matema kule Ziwa Nyasa, mnakula samaki mnarudi, hakuna la kusimulia.

Naandika namna ya kuifanya ikawa ya kweli kwa barabara zetu hizi. Utamu wa kile kipindi unatoka kwenye sheria wanazowekewa wale jamaa kabla hawajaondoka, bajeti ndogo, majaribio njiani, adhabu kwa atakayefeli. Mkipatia sheria safari inajiendesha yenyewe, vituko vinakuja bila kutafutwa. Na milima yetu hii inadai sheria zake za ziada ambazo kwenye TV huwa hamzioni kwa sababu nyuma ya kamera kuna msafara mzima wa mafundi na gari za msaada, nyie hamtakuwa nao.

Kwa ambaye kipindi anakisikia tu: kilianza 1977 kama kipindi cha magari cha mkoa mmoja wa huko Uingereza, kipindi cha ushauri kwa wanunuzi, kikafungwa 2001, kikarudishwa 2002 kwa sura mpya na Jeremy Clarkson akiwa na mtayarishaji Andy Wilman. Richard Hammond alikuwepo toka mwanzo wa hiyo sura mpya, James May akaingia 2003, na hao watatu ndo wenye safari zote ambazo watu wanazikumbuka. Clarkson aliondoka 2015 na wenzake wakamfuata, wakaenda kufanya The Grand Tour kwa Amazon, ile kampuni ya mtandaoni, wakafunga kazi 2024 kwa safari ya Zimbabwe. Top Gear yenyewe iliendelea na watangazaji wengine mpaka BBC ikaisimamisha 2023, baada ya mmoja wao, Freddie Flintoff, kuumia vibaya Desemba 2022 wakati wa kurekodi. Kumbuka ile ajali ilitokea Dunsfold, kwenye uwanja wao wenyewe wa majaribio, barabara imefungwa na wataalamu wapo. Ntalirudia hilo mbele.

SHERIA KWANZA

Watu watatu, magari matatu, kila mtu aina yake. Mkiwa wanne sio mbaya ila watatu ndo inanoga maana kura haiwezi kugongana na siku zote wawili wanaungana kumcheka wa tatu. Wekeni ukomo wa bei. Kwenye safari ya Afrika ya 2013, ile ya kutafuta chanzo cha mto Nile iliyopita Uganda na Rwanda ikaja kuishia hapa Tanzania, bajeti yao ilikuwa pauni 1,500 kila mmoja, Clarkson akaja na BMW 528i, Hammond akaja na Subaru Impreza, May na Volvo 850R. Kwetu mimi nasema ukomo uwe milioni 5, na anayetumia gari ambayo tayari anayo basi wenzie wawili waikadirie bei kwa haki. Chini ya hapo unapata Starlet, Corolla ya zamani, Carina, na hizo ndo zinatakiwa, hakuna mtu anayetaka kuangalia Prado mpya ikipanda mlima.

Kila mtu afiche gari yake mpaka asubuhi ya kuondoka. Hii usiidharau, dakika zile mnazokutana pale na kila mmoja anaona mwenzie kaja na nini ndo mwanzo wa kipindi chenyewe, watu wanazunguka gari ya mwenzao wanagonga gonga bodi, wanauliza hii rangi ulipaka mwenyewe.

Halafu sheria ya vifaa. Kuna lile jaribio la Hilux la 2003, waliotazama wanalijua. Walichukua Hilux ya dizeli ya 1988 iliyokuwa imetembea maili 190,000, yaani zaidi ya kilomita laki tatu, wakaishusha kwenye ngazi, wakaigonga kwenye mti, wakaifunga ufukweni maji ya bahari yakaja yakaifunika, wakaidondoshea karavani, wakaichoma moto, mwisho wakaiweka juu ya ghorofa refu linalobomolewa na ghorofa likashuka nayo. Fundi aliruhusiwa spana zake tu, spea mpya marufuku isipokuwa kioo cha mbele, na kila mara iliwaka. Chukueni sheria hiyo hiyo: mkishaondoka Iringa unatengeneza kwa vifaa ulivyobeba mwenyewe, ukilazimika kununua spea njiani unakatwa pointi. Inamlazimisha mtu afikirie kabla ya kuondoka abebe nini, mwingine atabeba fan belt na hosi ya rejeta, mwingine atabeba spika kubwa. Spea za breki na tairi hazimo kwenye sheria hii, hizo ukihitaji unanunua popote hakuna kukatwa, sitaki mtu ashuke mlima na pedi zilizoisha kwa sababu anaogopa kupoteza pointi.

Gari la adhabu ni lazima. Botswana, 2007, kila mmoja aliambiwa gari yako ikifa kabisa utamalizia safari kwenye Volkswagen Beetle, gari ambayo wote watatu walikuwa hawaitaki, na Beetle ikawa inawafuata nyuma njia nzima. Ndo maana Hammond, kile ki-Opel Kadett chake cha 1963 kilipozama mtoni, alihangaika nacho hadi kikawaka tena, na alikipenda mpaka akakipeleka kwao Uingereza. Adhabu ndo inaleta juhudi. Kwetu hamhitaji kubeba gari la nne, ambaye gari yake itakufa kabisa anapanda Costa na begi lake mapajani, nyie mnamsubiri stendi mkiwa na kamera. Akifikiria siti ya katikati ya Costa ya Kyela siku ya soko mtu atalala chini ya gari yake usiku kucha.

Sheria ya mwisho ni ile ya kuachana. Kwenye kipindi gari yako ikiharibika wenzio wanakuacha, wanapiga honi wanaenda. Inachekesha sana na msiiige. Sehemu kama Sao Hill kwenye ile misitu, au Isongole kule juu Rungwe ukungu ukishuka, gari iliyosimama pembeni bila mtu wa kuwaonya wanaokuja ni kifo. Sheria yenu iwe hivi: mchana kweupe kwenye mji mnaweza kumuacha mwenzenu kwa fundi mkatangulia hadi mji unaofuata, ila porini, mlimani, kwenye ukungu au giza likianza kuingia, gari zote zinasimama na triangle zinawekwa mbali kwa nyuma.

KUIKAGUA GARI

Hapa ndo nataka mkae zaidi, maana gari ya milioni 4 inayozunguka Iringa mjini vizuri tu haijawahi kuulizwa maswali ambayo milima ya Rungwe itaiuliza.

Breki. Mwambie fundi afungue matairi yote manne, sio ya mbele tu, uone pedi na uone na shuu za nyuma kwa macho yako. Angalia hosi za mpira zinazoenda kwenye kila tairi, zikunje kidogo kwa vidole, ukiona nyufa ndogo ndogo kama za kiganja kikavu badilisha. Afu oil ya breki, watu wengi hawajaibadilisha tangu gari iingie nchini. Oil ya breki inanyonya unyevu kidogo kidogo miaka inavyoenda, na ikiwa na maji ndani, siku ukishuka mteremko mrefu breki zikapata moto ile oil inachemka, inatoa mapovu, unakanyaga pedeli inaenda chini hadi kwenye kapeti na gari haisimami. Mjini hutaliona tatizo hilo hata mwaka mzima. Ukifungua kikopo chake ukakuta oil nyeusi kama chai ya rangi, mwagisha yote weka mpya, ni hela ndogo kuliko utakavyotumia kwenye chipsi njiani.

Tairi. Septemba 2006 Hammond alipata ajali kubwa akirekodi kipindi hicho, kwenye gari ya injini ya jeti, ikiwa kwenye kasi ya karibu kilomita 460 kwa saa, na chanzo ilikuwa tairi la mbele kulia kupasuka. Nyie hamtafika hata robo ya spidi hiyo ila tairi ni lile lile, likipasuka kwenye kona ya Igawilo halitauliza ulikuwa unakimbia kiasi gani. Wengi tunavaa tairi za mtumba, kwa hiyo jifunze kusoma tarehe: ubavuni tafuta herufi DOT, mwisho wake kuna tarakimu nne, mfano 2319, maana yake limetengenezwa wiki ya 23 mwaka 2019. Likishapita miaka kumi usilipeleke mlimani hata kama kashata zake bado nzima. Na angalia spea tairi lina upepo, hilo kila mtu anasahau.

Mfumo wa kupoozea. Hapa kuna sayansi kidogo. Ukipanda juu hewa inakuwa nyepesi, na injini isiyo na tabo inapoteza nguvu kama asilimia 10 kwa kila mita 1,000, kwa hiyo gari iliyozoea Dar ukiifikisha mita 2,500 robo ya nguvu haipo. Utakanyaga zaidi, itakaa gia ndogo muda mrefu, joto linapanda. Na maji nayo kule juu yanachemka mapema, kwenye mita 2,600 yanachemka kama nyuzi 91 badala ya 100. Kinachookoa ni presha ndani ya rejeta, na presha inashikwa na mfuniko. Mfuniko uliochoka, ule ambao mpira wake umekuwa mgumu, ndo unachemsha gari nyingi watu wakalaumu injini. Nunua mpya. Weka coolant, achana na maji ya bomba matupu. Washa gari iache ipate moto uone feni inazunguka. Gari yako kama ni ya miaka ya karibuni kidogo, kuna kile kidude cha OBD unachomeka chini ya usukani kinatuma joto la injini kwenye simu, kibebe, kitatumika kwenye jaribio la pili.

Ikichemka njiani simama, zima, fungua boneti, na usiguse mfuniko wa rejeta mpaka uweze kuushika kwa mkono mtupu bila kuruka. Najua mna haraka na kamera inarekodi. Subiri.

Mengine haraka haraka: taa zote hasa za breki na za ukungu, waipa, betri, oil ya injini, boljointi na bushi za mbele, jeki na wheel spana yako mwenyewe, kamba ya kuvutia, waya wa kubusti, tochi, mtungi wa kuzimia moto, triangle mbili. Makaratasi: kadi ya gari, leseni hai, bima uihakiki kwenye mfumo wa TIRA, wale wasimamizi wa bima, maana bima feki zipo, na uangalie kama hiyo gari uliyouziwa haina madeni ya trafiki ya mwenye nayo wa zamani, hilo lifanye kabla hujatoa hela.

JARIBIO LA KWANZA: MAFUTA, IRINGA MPAKA CHIMALA

Mwaka 2004 Clarkson alitoka London kwenda Edinburgh na kurudi, kama maili 800, na Audi A8 ya dizeli kwa tenki moja tu. Ni kipande kizuri kuliko mashindano mengi ya spidi, mtu anazima AC, anazima redio, anahesabu kila kilomita. Sisi tunafanya kifupi zaidi. Iringa mpaka Mbeya ni kama kilomita 330, Chimala ipo kama robo tatu ya njia.

Jazeni wote kituo kimoja Iringa, bunduki ikikata yenyewe mara ya kwanza mnaacha hapo hapo, hakuna kuongeza ongeza. Pigeni picha odomita. Nendeni Ifunda, Mafinga, Makambako, Igawa, Chimala, mkifika mnajaza tena kwa utaratibu ule ule, lita zilizoingia gawanya kwa kilomita mlizotembea. Gari ya lita 1.3 na ya lita 2.5 msizilinganishe moja kwa moja, ulizeni kwanza kila gari kawaida inakula kiasi gani, mshindi ni aliyeboresha ya kwake zaidi.

Mwiko mmoja: kuweka nyutro kwenye mteremko. Najua madereva wengi wanaamini inaokoa mafuta. Gari ya injection ukitoa mguu kwenye mafuta ikiwa ndani ya gia, kompyuta inakata mafuta kabisa, ukiweka nyutro injini inaendelea kula ili isizime. Kwa hiyo hupati kitu na umepoteza nguvu ya injini ya kushika gari. Atakayekamatwa amefanya hivyo aondolewe pointi zote za siku.

Spidi ni ya kibao, 50 kwenye makazi, na wenye tochi wapo njia nzima kwa hiyo hili halina mjadala. Yaani hakuna mashindano ya spidi kwenye barabara ya watu, popote, safari nzima. Top Gear wenyewe mbio zao za saa walikuwa wanazifanyia Dunsfold, uwanja wa ndege wa zamani, na hata huko watu wameumia kama nilivyosema juu. Mkitaka kupimana udereva fanyeni kama walivyofanya kwa mastaa waliokuwa wanawaalika, gari moja ya kawaida, Suzuki Liana, kila mgeni anaendesha hiyo hiyo njia hiyo hiyo. Ombeni uwanja mpana, mkipewa ruhusa na mwenye nao, pangeni ndoo ziwe kona, tumieni gari moja tu kati ya zenu, gia ya kwanza na ya pili, helmeti na mikanda, mmoja anashika saa ya simu. Ndo hapo inajulikana nani dereva na nani alikuwa anabebwa na gari. Iringa ni mji wa watu wa rally, mkitaka kuelekezwa namna ya kupanga ndoo hamtakosa mtu.

Na Stig mnaweza kumpata, yule dereva wao wa helmeti na nguo nyeupe asiyeongea. Tafuteni dereva wa Fuso wa siku nyingi, mtu mzima, mumvalishe helmeti, mumuombe aendeshe raundi moja ndo iwe kipimo chenu. Wazee hawa wana mguu mwepesi sana, angalieni anavyoingia kwenye kona hata glasi ya maji isingemwagika.

JARIBIO LA PILI: HAMSINI NA SABA

Laleni Chimala au Igurusi, asubuhi ndo mpande. Barabara ya kutoka Chimala kwenda Matamba inaitwa Hamsini na Saba kwa sababu ya kona zake 57, inatoka bondeni kwenye joto la Usangu inaenda mpaka baridi ya Makete upande wa Kitulo. Kwa jaribio la gari kuukuu sijui pazuri zaidi nchi hii. Ulizeni hali ya barabara Chimala kabla ya kupanda, waulizeni wanaoshuka na viazi, na kama jana ilinyesha ahirisheni.

Hapa saa haitumiki. Pointi ni kwa joto na kusimama: kila mtu anaanza na kumi, ukisimama kupooza gari unapoteza mbili, ukichemsha kabisa unapoteza tano, abiria ndo anasoma joto kwenye simu na kulitangaza. Acheni nafasi kubwa kati ya gari na gari, kila kona pigeni honi, anayepanda na mzigo mpisheni. Kuna sehemu ukitazama chini unaona barabara uliyopita imejikunja tabaka kwa tabaka na mashamba ya mpunga ya Usangu yamelala mbali huko, simameni mpige picha, pasiwe kwenye kona.

Makgadikgadi kule Botswana Clarkson na May walianza kung'oa milango na vitu vingine kupunguza uzito gari zisizame kwenye lile jangwa la chumvi. Na nyie mnaweza kupunguza, toeni spika, toeni kreti za soda, toeni shemeji aliyedandia. Milango, spea tairi na jeki vinabaki.

Matamba geuzeni, kunyweni chai, acheni injini ipumue. Kushuka ndo kazi. Kanuni ya madereva wa malori ni kwamba gia uliyopandia ndo utakayoshukia, na ya otomatiki zima O/D halafu weka 2, ikizidi weka L. Breki unakanyaga kwa nguvu muda mfupi halafu unaachia kabisa zipoe, ukiweka mguu juu yake muda wote zinaungua. Mkisikia harufu kali kama mpira na chuma vimechomwa pamoja, hiyo ni pedi, simameni sehemu pana, msiimwagie maji, mkae tu nusu saa. Nimesimama pembeni ya kona za huko nikaona moshi mwembamba wa bluu unatoka kwenye rimu ya Noah iliyojaa watu, dereva anacheka anasema kawaida tu, na ile sio kawaida hata kidogo.

Jioni nendeni Mbeya. Inyala na Mlima Nyoka zipiteni kabla ya giza, malori mengi pale, msiovateki.

JARIBIO LA TATU: MCHELE

Siku ya kushuka Kyela ni ya raha, Uyole, Igawilo, Isongole kwenye viazi na baridi yake ya zaidi ya mita 2,000, Tukuyu kwenye ndizi na chai, halafu joto linakupokea taratibu mpaka Kyela, kama mita 500 tu, Ipinda, Matema. Ndani ya siku moja mtavaa jaketi na mtavua shati. Kule kule mtapata mvua, Rungwe inanyesha hata nchi nzima ikiwa kavu, ndo maana nashauri safari nzima iwe kati ya Juni na Oktoba. Maua ya Kitulo yanachanua wakati wa mvua kwa hiyo hamtayakuta, yafuateni safari nyingine na gari ya maana.

Matema laleni mapema, maana kesho yake ndo fainali. Kila gari inapakia magunia mawili ya mchele wa Kyela, uzito sawa, inapandisha mpaka Isongole. Mzigo, joto la chini, mlima mrefu, hapo gari ya milioni 4 inasema ukweli wake wote. Kipimo ni kile kile cha joto na kusimama, na nyongeza: nusu kikombe cha maji juu ya dashibodi, atakayefika Isongole yakiwa yamebaki mengi zaidi anapata pointi tatu, hiyo inazuia watu kukurupuka. Mchele mtauuza au mtapeleka nyumbani, kwa vyovyote mafuta yatakuwa yamerudi kidogo.

KUREKODI

Dereva hashiki simu. Kila gari iwe na abiria mmoja wa kamera, na ndani wekeni simu ya pili kwenye dashibodi inamtazama dereva, mazungumzo ya ndani ya gari ndo nusu ya kipindi. Sauti ni muhimu kuliko picha, nunueni maiki ndogo ya kubana kwenye kola, na kioo kifungwe wakati wa kuongea. Wasilianeni gari kwa gari kupitia kwa abiria, redio za mkononi ukizipata uwe umeuliza vibali vyake. Droni inataka kibali cha TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, kama huna usiibebe. Msirekodi mizani, vituo vya polisi, kambi za jeshi. Na mtu wa kijijini ukitaka kumrekodi muombe kwanza, shikamoo kwanza kamera baadaye, wazee wa huko wakikukubali watakupa maneno ambayo hakuna mtangazaji angeyatunga.

Usiku mmoja, Mbeya ni pazuri, fanyeni ule ukuta wa magari wa Top Gear: chapisheni picha za gari zote mnazozijua mtaani, bandikeni kutoka ya kishamba mpaka ya heshima, mbishane. IST iko wapi? Chaser iko wapi? Hapo rekodini bila kuzima, mtakata baadaye.

PENDEKEZO LA POINTI

Mafuta 10, Hamsini na Saba 10, mchele 10 na zile tatu za kikombe, udereva wa ndoo 5. Unatoa mbili kwa kila spea uliyonunua, unatoa tano ukivutwa na kamba, ukimalizia kwenye Costa unabaki na ulichokuwa nacho. Halafu kila mtu anapiga kura moja ya siri kujibu swali hili: ukiambiwa leo uchukue gari moja kati ya hizi tatu urudi nayo Iringa usiku wa mvua, unachukua ipi, na ya kwako hairuhusiwi. Kila kura pointi tano. Kura hii mara nyingi inageuza matokeo, gari iliyokuwa inachekwa toka siku ya kwanza unakuta wote wawili wameiandika.

Kabla ya kutawanyika, asubuhi injini zikiwa za baridi pimeni oil na maji, mguse pedi zimebaki kiasi gani, mkaze nati za matairi yote, ndo mgeuze kurudi.